Soli za Kukalia

Maisha yangu yote ya kazi nimetengeneza miguu. Mikono mara chache, magongo kwa wingi, lakini hasa miguu: ya wakulima, ya askari, ya watoto ambao huuzidi mguu kimo kabla plasta haijakauka vizuri. Kazi ya fundi wa viungo bandia ni kuwasimamisha watu. Sasa nimestaafu, na nikijiuliza kipi nilichokiona kizuri kuliko vyote katika karakana yetu ya Mushasha, jibu ni lile lile: watu walioivua miguu yangu, wakaipanga pembeni, wakakaa chini kucheza mpira. Si jambo la kujisifu kwa fundi, lakini ndiyo kweli.

Vijana niliowaachia tupa na msumeno waliniomba niandike. Habari za vyeo nitaziruka, maana havikuwa vingi, na mshahara wetu mnaujua wenyewe. Kiswahili changu cha mdomoni ni cha hapa hapa Gitega, Kirundi na Kifaransa vimo ndani yake kama viungo kwenye pilau, kwa hiyo nimempa Goreth, aliyekulia Tanzania, asome na kuninyoosha palipopinda. Yeye mwenyewe mtamkuta mbele. Ameniapia kwamba hakupunguza kitu katika habari zinazomhusu, nami nimemwamini nusu.

Baba yangu alikuwa fundi viatu katika mtaa wa Waswahili, kama Waislamu tunavyoitwa hapa, karibu na soko. Siku moja Sista mkuu wa kituo cha Mushasha alimletea mkanda wa ngozi uliokatika, akasema ni wa mguu. Baba akadhani ni wa kiatu. Alipoelezwa akanipa mimi niushone, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Sista akauvuta mkanda kwa nguvu zake zote, haukukatika, na wiki iliyofuata nikawa mfanyakazi wa kanisa, mimi Yusufu mwana wa Salumu, na kofia yangu kichwani. Mama alipata taabu kuwaeleza majirani. Lakini masista walikuwa watu wa heshima. Kila Ramadhani Sista mkuu aliwakataza wenzangu kukaanga ndagala, dagaa wa ziwani, mchana karibu na dirisha langu, na hilo sijalisahau.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa ufagio, kama desturi ya mafundi wote duniani. Fundi mkuu alikuwa Nicodème, mtu mfupi mwenye mguu wa mti aliojichongea mwenyewe. Alikunja goti langu la kulia, akalifunga kwa mkanda, akanipa magongo.

"Leo hautagusa tupa," akasema. "Leo uko na mguu moja. Enda sokoni, lete vitunguu."

Nilikwenda. Kutoka Mushasha hadi sokoni nimepita tangu utotoni, na sijawahi kuiona njia ile ndefu namna ile. Watu waliokuwa wakinisalimia kila asubuhi waligeuza nyuso. Muuza vitunguu alinipa bure, akasema Mungu atanisaidia. Rafiki wa baba alimuuliza mtu aliyesimama kando yangu, "Huyu amepatwa na nini?" kama vile ulimi wangu nao umekatwa. Niliporudi makwapa yalikuwa yamechubuka.

"Iko wapi inauma?" Nicodème aliniuliza. "Kwapa, ao macho ya watu?"

"Macho," nikasema.

"Bon. Kwapa tutatengeneza hapa. Ile ingine, mi sijapata dawa yake."

Kila kijana aliyeanza kazi chini yangu nilimtuma vitunguu. Mnalalamika mpaka leo, najua. Endeleeni kuwatuma wanaokuja.

Nicodème alinifundisha kwamba kigutu, kile kipande kinachobaki mguu ukikatwa, kina maneno yake. Kabla ya futi kamba, mkono. Kabla ya mkono, mazungumzo. Kigutu cha asubuhi si cha jioni: kimelala, kimevimba, na ukikipima alfajiri mguu utalegea kabla ya swala ya adhuhuri. Mpe mtu soksi za kuongeza, mwonyeshe namna ya kujitazama kwa kioo kidogo kila anapovua, aangalie palipo pekundu. Wekundu unaoondoka upesi ni salamu, wekundu unaobaki ni ugomvi. Siku hizi mna plastiki inayolainika kwenye oveni, mnaivuta juu ya plasta kama anayetandika shuka, kazi safi. Sisi tulianza na mti na ngozi. Lakini tupa ni ile ile, na mkono usio na subira huharibu vyote.

Mchezo wenyewe uliletwa na mgeni, mwalimu wa michezo kutoka nchi jirani, aliyekaa nasi muda mfupi. Alifunga kamba chini chini katika ukumbi wa masista, akasema huu ni mpira wa wavu wa kukaa. Mnacheza kwa mikono, mnasogea kwa kujiburura, na sheria kubwa ni moja: unapocheza mpira, usiinuke. Makalio yakiachana na sakafu, filimbi inalia, mnapoteza pointi. Kisha akawaambia watu wavue miguu.

Hakuna aliyesogea. Vijana, lazima muelewe. Wale walikuwa watu waliotumia miaka kujifunza kuficha. Walivaa suruali ndefu wakati wa jua kali, wanawake walishona vitenge mpaka chini kabisa. Na sisi karakana tulikuwa tumewasaidia kuficha, tukapaka miguu rangi ya ngozi ili jirani asigundue. Sasa mgeni anasema vueni, mbele ya watu.

Wa kwanza alikuwa Evariste wa Giheta. Huyu aliuza nguo za mitumba kwenye soko la Giheta, polio ilimkausha miguu yote tangu mtoto, na alikuja mjini kwa baiskeli yake ya kukanyaga kwa mikono, njia ya vilima tupu. Mikono yake ilikuwa minene kuliko mapaja yangu. Alifungua vyuma vyake vya miguuni kimoja kimoja, akavitupa ukutani vikalia kwenye sementi.

"Alors?" akasema. "Munaogopa nini? Mi naona sote tunajuana. Fundi Yusufu ameona vigutu vyote vya hapa, na hajakufa."

Wakacheka, wakaanza kuvua. Miguu yangu ikapangwa ukutani, mifupi na mirefu, mingine bado ina viatu. Nicodème alikuwa amekwisha zeeka wakati ule, aliletewa kiti mlangoni. Alitazama miguu ile, akatazama watu wanavyoteleza sakafuni wakipiga kelele, akacheka mpaka akatoa leso. "Yusufu, miaka yote hii tunatoa jasho, kumbe ni ili wavue!" Ile ilikuwa mara yake ya mwisho kuja ukumbini. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha, na mguu wake wa mti upo bado juu ya rafu. Msiuondoe.

Mgeni alipoondoka nikawa kocha. Sikuchaguliwa kwa ujuzi. Nilikuwa na ufunguo wa ukumbi na pampu ya mpira. Wanaume na wanawake tuliwachanganya, kwa sababu hatukutosha kufanya timu mbili. Tatizo letu la kwanza lilikuwa suruali. Masista walipaka sakafu sira nyekundu, ile nta ya kung'arishia, na kila baada ya mazoezi timu nzima ilitoka na makalio mekundu, na baada ya wiki chache ilitoka na matundu. Nikachukua ngozi iliyobaki karakana, nikakata viraka vikubwa, nikashona nyuma ya suruali kwa uzi wa viatu. Evariste akaviita soli za kukalia. Baba yangu alinifundisha kushona soli bila kujua zitavaliwa wapi.

Mechi ya kwanza ya hadharani tuliicheza hapa Gitega, kiwanja cha shule. Watu walijaa, na sitawadanganya, walikuja kucheka. Wengine walicheka kweli. Kisha jambo baya kuliko kicheko likatokea: mama mmoja, kwa huruma yake, akatupa sarafu kiwanjani. Mwingine akafuata. Walikuwa wamezoea kwamba mtu aliyekaa chini barabarani anaomba.

Evariste akausimamisha mpira. Akajiburura, akaokota sarafu moja moja, akaenda nazo mpaka ukingoni akamwinulia yule mama mkono. "Mama, umeangusha," akasema kwa adabu kabisa. Yule mama akazipokea. Sijui kama alijua la kufanya na uso wake. Halafu Evariste akarudi mahali pake akaupiga mpira kofi moja, ukatua upande wa pili kabla mtu hajainua mkono, na kiwanja kizima kikasema "Yoo!" kwa sauti nyingine. Toka siku hiyo niliacha kuwaonea huruma. Nilikuwa bado nayo kidogo, ndani ndani, hata baada ya miaka yote ya vigutu. Ikaniisha pale.

Sasa Goreth.

Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi na wazazi wake, wakafa, akaolewa Muyinga. Mume alivuka mpaka kutafuta kazi, habari zake zikapotea huko. Goreth alibaki kwa baba mkwe wake, Mzee Barnabé, na binti mdogo, Divine. Siku moja alipanda nyuma ya baiskeli kwenda kliniki, na kwenye mteremko lori likawakosa wote isipokuwa mguu wake wa kushoto. Ukakatwa chini ya goti. Mzee Barnabé akasema mtoto abaki kwake mpaka mama apone.

Goreth akapona. Alipokwenda kumchukua mtoto, akarudi peke yake, akakaa kwenye benchi langu bila kuvua hata koti.

"Sio kwamba ananichukia, Fundi," alisema. "Angenichukia ningejua la kumjibu. Ameniambia kwa upole: Hapa vilimani mtoto akianguka, mtu anakimbia. Wewe utamkimbilia na nini? Na mwanamke asiyeweza kumwinukia mgeni anapoingia, nyumba yake itaitwaje? Divine alikuwa amelala. Sikumwamsha."

Ili mwelewe uzito wa maneno hayo, Mzee Barnabé ni mushingantahe, yaani mzee ambaye kilima kizima humwita watu wakigombana. Akiingia mahali, watu husimama. Mwanamke aliyelelewa vizuri husimama wa kwanza, na mkwe husimama kabla hajafikiri, kama unavyofumba jicho vumbi likija. Neno la mtu kama huyo hulikatii rufaa.

Nikaapa nitampa Goreth mguu wa kwenda nao Muyinga. Nao ukawa mguu ulionitesa kuliko yote. Kovu lake lilipita mahali pale pale panapobeba uzito. Nilitengeneza, akatembea, akachubuka. Nikavunja, nikaanza upya kwa plasta mpya, akachubuka tena. Jeraha likataka kupumzishwa, na mtu anayepumzisha kigutu havai mguu. Basi akawa anakaa ukumbini amekasirika, mgongo ukutani, akitazama wenzake wanacheza. Mpira ulipomjia aliusukuma kama anayefukuza kuku.

Siku moja aliusukuma kwa hasira zaidi, ukavuka wavu ukagonga kona ya nyuma kabisa. Evariste aligeuka polepole. "We dada. Hii iko kwa bahati, ao uko unajua?"

"Leteni tena," Goreth akasema.

Hakuwa na mikono ya Evariste. Alichokuwa nacho ni mwendo. Kabla mpira haujavuka, yeye alishafika unapokwenda, anateleza kwa kiganja na goti kama samaki kwenye maji kidogo. Nimemwona akiufuata mpira ambao watu wawili wenye miguu miwili wangeuacha. Nilikuwa nasimama pembeni nimeshika filimbi, nasahau kuipiga. Kigutu kikapona, mguu wa mwisho niliomtengenezea ukamkaa vizuri, akawa anautembelea mpaka sokoni na kurudi bila wekundu. Lakini mazoezi hakuacha. Akapata kazi ya cherehani kituoni, akapanga chumba Mushasha, na kwenye chumba hicho kulikuwa na kitanda cha pili, kidogo, kimetandikwa.

Tulipoalikwa kucheza Muyinga alimtumia Mzee Barnabé ujumbe kupitia katekista: njoo utazame, na uje na Divine. Katekista alirudisha jibu fupi. Mzee amesikia. Basi.

Tulipitia njia ya Karuzi kwa gari la kukodi, na miguu ya akiba tuliiweka kwenye gunia. Kizuizini askari mmoja alitaka kujua gunia lina nini. Akalifungua, akatazama ndani muda mrefu, akalifunga taratibu kwa fundo lile lile. "Bonne chance," akatutakia heri.

Kiwanja kilikuwa majani, kando ya shule, na waandaji walikuwa wametandika maturubai na kuchora mistari. Timu ya Muyinga walikuwa watu hodari, niwape haki yao, wengi wao wanacheza bila kuzungumza, wanatazamana tu. Goreth alishuka garini kwa miguu miwili, mrefu, kitenge kimepigwa pasi. Alitazama umati upande huu na upande ule. Mzee hakuwepo. Akakaa chini, akauvua mguu, akaniwekea mbele ya viatu vyangu, karibu na ya wenzake.

"Akija baadaye nitamwendea nikitembea," alisema. "Nataka anione nimesimama, Fundi. Hilo tu."

Tukapoteza seti, tukapata seti. Ya mwisho ikawa sawa kwa sawa, Evariste anatukana kwa Kirundi cha Giheta. Muyinga wakaanzisha mpira. Uko hewani, unamwendea Goreth, yuko tayari, viganja vimeinuliwa. Na hapo hapo, nyuma ya mstari wa upande wa pili, umati ukafunguka, Mzee Barnabé akaingia, koti refu, kofia, fimbo, amemshika Divine mkono.

Goreth akainuka.

Hakufikiri. Nawaambia nilikuwa karibu, nilimwona. Aliinuka kwa mguu mmoja na mkono mmoja ardhini, kichwa kikainama, kama mkwe yeyote wa Muyinga anavyoinuka baba mkwe akiingia. Mpira ukamfikia akiwa juu, akaupiga akiwa vile vile amenyanyuka. Filimbi.

Pointi ikaenda kwao. Upande wao wakashangilia, kisha sauti zikapungua, kwa sababu Goreth alikuwa amerudi chini na amefunika uso. Evariste alikuwa amefungua mdomo amfokee. Akatazama alikotazama Goreth, akaufunga.

Mzee Barnabé akazunguka kiwanja hadi upande wetu, akaniona nimesimama na miguu ile mbele yangu, na kwa ajili ya kofia yangu akanisemesha Kiswahili, kile cha mpakani Kobero alikouzia ndizi ujanani.

"Wamemupigia filimbi juu ya nini?"

"Ameinuka, Mzee. Hapa hawaruhusiwi kuinuka. Iko faute."

"Hakujua?"

"Anajua kuliko wote."

"Sasa ameinuka juu ya nini?"

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na huruma ya Goreth, na vyote vilitoka katika jibu moja. "Amekuinukia wewe, Mzee."

Refa, mwalimu wa shule ile, alikuwa ameshika mpira hajui aendelee au angoje. Mtu mmoja akaja mbio na kiti cha plastiki, kama heshima inavyotaka. Mzee Barnabé akakitazama kile kiti, akakisukuma kwa fimbo. Kisha akailaza fimbo kwenye majani, akakusanya koti lake, akajishusha kwa shida ya magoti ya uzee, akakaa chini kabisa, ardhini, na Divine kwenye paja.

"Kaeni, mwese," akawaambia waliokuwa karibu, kwa Kirundi. Kaeni nyote. "Mtoto wetu asiinuke tena."

Haijapata kutokea kilimani mushingantahe akae chini na mtu mwingine abaki wima juu ya kichwa chake. Wazee wenzake walikaa. Akina mama wakakaa. Wanafunzi wakakaa safu kwa safu mpaka nyuma kwenye uzio, wauza karanga wakaweka masinia na kukaa. Mimi nami nikakaa, katikati ya miguu yangu. Kiwanja kizima cha Muyinga kikawa kimo kimoja na wachezaji. Refa peke yake alibaki amesimama, akatazama huku na huku kama ndiye mwenye kasoro.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika, nasi husemezana hivyo tukimwona mwenye ulemavu, kisha tunapita zetu. Siku ile watu hawakupita. Walikaa wakatazama, na kwa kuwa walikuwa chini waliona jinsi ilivyo kazi kufika mpira unapokwenda. Goreth alifika. Alifika kila mahali. Mara moja alijitupa mpaka karibu na magoti ya Mzee Barnabé, akauokoa mpira vidole viwili juu ya turubai, akarudi mahali pake kabla haujaanguka upande wa pili. Divine akapiga makofi, hajui hata kwa nini. Nililia, na aliyekuwa kando yangu alijifanya hakuona.

Tulishindwa. Walistahili.

Goreth hakuja kuchukua mguu. Alijiburura mpaka kwa Mzee, wakasalimiana wote wawili wamekaa, mkono wake wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Walizungumza Kirundi, nayaweka hapa kama nilivyoyasikia.

"Nilikwambia hutaweza kumkimbilia," Mzee alisema.

"Ulisema, baba."

"Mimi na miguu yangu hii, ule mpira ningeuacha." Divine alikuwa ameanza kuchunguza kigutu kwa kidole, na Goreth akamwacha achunguze. "Lakini mtoto haondoki nyumbani kama kuku anayetoka sokoni. Nitakuja kwenu. Nitakuja na watu."

Goreth hakuwa na baba wa kuwapokea. Ikaamuliwa kwamba baba ni mimi. Wakaja wiki yangu ya mwisho kazini, wamevaa vizuri, pombe ya ndizi kwenye dumu, msemaji wao ametangulia. Tuliwapangia mabenchi uani mwa karakana. Msemaji alizunguka mbali kama desturi ilivyo: alianza na mvua, akapita kwenye malisho, akafika kwenye ndama aliyetunzwa na jirani wakati ng'ombe mama anaumwa, na kwamba jirani mwema hukumbuka zizi la ndama. Nilijibu kadiri nilivyoweza. Kisha ikaja sehemu ngumu, maana anayepokea lazima aonje wa kwanza, la sivyo maneno yote ni bure, na mimi pombe sijaonja tangu nizaliwe.

Mzee Barnabé akaingiza mkono kapuni, akatoa chupa ya Fanta. "We uko Mswahili, tumekufikiria," akasema. "Mais unywe mbele ya wote, ao tunarudi na mtoto."

Nikanywa. Sijawahi kunywa Fanta kwa heshima kubwa vile. Mzee akainuka kuja kumkabidhi mtoto, na Goreth, aliyekuwa kwenye benchi la mwisho, akainuka. Aliinuka mara moja, juu ya miguu yote miwili, mgongo umenyooka, akainamisha kichwa kama inavyopasa. Evariste, kutoka kwenye baiskeli yake, akatia vidole mdomoni kama anayetaka kupiga mluzi wa refa, nikamtazama kwa jicho kali akavitoa. Mzee naye aliona. Alicheka, akamwachia Divine mkono.

Mtoto akakimbia kwa mama yake. Alipotupa mgongo, sote tukaona nguo yake nyuma: imechakaa, imetoboka, tundu la ukubwa wa kiganja. Wageni wakainamisha macho. Kumrudisha mtoto wa watu na nguo iliyotoboka ni aibu, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

"Nimemushonesha nguo mpya juzi tu," Mzee Barnabé aliniambia kwa sauti ya chini, ameona haya kweli. "Usinihukumu, Fundi. Toka ile siku ya mpira, iko hivyo. Siyo yeye peke yake. Watoto ya kilima yote, wenye miguu yao mizima, wamefunga kamba chini, wanajiburura toka asubuhi. Akina mama wananilalamikia mimi, eti niliwaambia wakae. Hakuna nguo moja iko salama."

Nilimwambia asijali. Nikaingia karakana kwa mara ya mwisho nikiwa mfanyakazi wake, nikachukua ngozi laini iliyobaki na uzi wa viatu, nikampima Divine kwa kiganja amesimama kati ya magoti ya mama yake, hataki kutulia. Nimekata soli nyingi maishani. Ile ilikuwa ndogo kuliko zote.